Betri Haifi kwa Kutumika: Somo la Kuchaji Betri za Kambi



Wengi wenu mtakumbuka yaliyotupata msimu uliopita. Karafuu zilikuwa nyingi, wachumaji wametimia, na kazi ya kuchambua ilikuwa ikifanyika usiku kambini kwa taa za umeme wa jua kama tulivyozoea. Hata ulipofika usiku mmoja, yapata saa 3, taa zikaanza kufifia, na kabla ya saa 4 zote zilikuwa zimezimika. Usiku wa pili ikawa vivyo hivyo, na wa tatu. Tukarejea kwenye kandili na tochi za simu, na pishi nyingi zikalala bila ya kuchambuliwa. Kila mkulima anajua mwisho wa karafuu mbichi iliyolazwa: hupata moto, huvunda, rangi ikaharibika, na siku ya kuuza hushushwa daraja.

Sisi katika ofisi tulikuwa wa kwanza kumlaumu aliyetuuzia betri. Tulisema ametuuzia vitu vibovu, na wanachama wakatuamini. Leo yatupasa kusema mbele yenu kwamba tulikosea. Fundi aliyekuja kuzipima alituonyesha kuwa betri zilikuwa nzuri zilipokuja. Sisi ndio tuliozidhoofisha, wala si kwa kuzitumia mno, bali kwa kutozijaza mpaka zikashiba. Muda wa miaka 2 tulizilaza na njaa karibu kila siku, na taa ya kijani ikituambia kuwa zimeshiba.

Mkutano mkuu ujao utaamua kama fedha za chama zitoke kununua betri nyingine. Tumeonelea si haki kuziomba fedha hizo kabla ya kueleza jinsi betri inavyochajiwa, hatua kwa hatua. Asiyejua sababu iliyoziua betri za kwanza, ataziua na za pili. Basi tunawaomba msome somo hili kwa utulivu, na mwenye kujua kusoma amsomee mwenziwe.

BETRI NI KITU GANI

Betri ya risasi na maji makali si kitu kipya. Aliibuni Mfaransa, jina lake Gaston Planté, mwaka 1859, na asili ya kazi yake ndiyo ile ile mpaka leo. Ndani yake mna vyumba, na kila chumba hutoa volti 2 hivi. Betri ya volti 6 ina vyumba 3, na ya volti 12 ina vyumba 6. Katika kila chumba mna mabamba ya namna mbili: ya risasi tupu, na ya risasi iliyochanganyika na oksijeni, ambayo rangi yake ni ya kahawia. Yote yamezamishwa katika maji yenye asidi ya salfa, ndiyo hayo watu wayaitayo maji makali.

Betri inapotoa umeme, asidi huondoka katika maji ikashikamana na mabamba ya namna zote mbili, na juu yake hufanyika utando mweupe wa chumvi ya risasi. Kadiri betri inavyotumika, maji yake huzidi kuwa mepesi na mabamba huzidi kuvikwa utando. Tunapoichaji, mambo hugeuka: utando huondoka, asidi hurejea majini, na maji huwa mazito tena. Hapo ndipo ilipo elimu yote ya betri. Kuchaji si kumimina umeme ndani ya betri kama mafuta katika debe. Ni kuuondoa ule utando na kuirejesha asidi mahali pake.

Utando ukiwa mpya ni laini, huondoka kwa wepesi. Ukiachwa siku nyingi huganda, ukawa mgumu kama gamba la chumvi ndani ya birika, na chaji ya kawaida haiuwezi. Sehemu ya bamba iliyofunikwa na utando mgumu ni kama shamba lililoota msitu: ni lako, lakini huvuni kitu.

Yafaa pia kujua tofauti ya betri ya gari na betri ya kambi. Betri ya gari ina mabamba membamba na mengi, kwa kuwa kazi yake ni kutoa nguvu nyingi kwa sekunde chache ili kuamsha injini, kisha injini huijaza papo hapo. Ukiitumia kwa taa usiku kucha, huharibika upesi. Betri za kambi, ambazo madukani huitwa betri za sola, mabamba yake ni manene, nazo zimetengenezwa zishuke sana na kupanda tena mara mamia. Lakini zina sharti moja: baada ya kushuka, zipande mpaka juu kabisa.

Kambini tunazo betri 4 za volti 6, kila moja ina ampia-saa 225. Zimefungwa mbili mbili kwa kufuatana ili tupate volti 12, kisha jozi mbili zimewekwa sambamba, tukapata ampia-saa 450. Kwa asiyezoea maneno haya: volti ni msukumo wa umeme, kama urefu wa tangi la maji lililoinuliwa. Ampia ni wingi wa umeme unaopita, kama upana wa maji yatokayo bombani. Ampia 1 ikipita kwa saa 1, hiyo ni ampia-saa 1.

MFANO WA GUNIA

Kwa nini chaji isiende kwa mwendo mmoja tangu mwanzo hata mwisho? Mfano tunao nyumbani. Mtu anayejaza gunia la karafuu kavu, mwanzo humimina kikapu kizima kizima, wala hana haja ya kuangalia. Gunia linapokaribia mdomo, akimimina kwa kasi ile ile karafuu humwagika chini, ingawa pembeni mwa gunia bado mna nafasi. Hapo humimina kidogo kidogo, akalitikisa gunia, akashindilia, mpaka pembe zote zikajaa. Mwisho hulishona, akaliweka mahali pazuri, na akawa analiangalia.

Mtu wa haraka, akiona karafuu zimefika mdomoni mara ya kwanza, husema, "Limejaa." Likipandishwa mizani, ndipo aibu inapotoka.

Betri huenda kwa hatua hizo hizo: kumimina, kushindilia, na kutunza. Anayeziongoza hatua hizo ni kile kijisanduku kinachokaa baina ya paneli na betri, ambacho mafundi hukiita kontrola. Kama chaji inatoka kwa jenereta au kwa umeme wa serikali, chaja nzuri hufanya kazi hiyo hiyo.

HATUA YA KWANZA: KUMIMINA

Mafundi huiita balki. Asubuhi betri ikiwa imeshuka, kontrola hufungua mlango wote, na kila ampia itokayo kwenye paneli huingia. Katika hatua hii volti za betri hupanda polepole, kuanzia 12 na kitu mpaka kufikia 14 na kitu.

Kipimo kizuri cha ampia za kuingia kwa betri za maji ni kama sehemu 1 katika 10 za ujazo wake. Kwa seti yetu ya ampia-saa 450, ni ampia 45 hivi. Zikiwa chache sana, siku haitoshi. Zikiwa nyingi kupita kiasi, betri hupata moto. Paneli zetu hutoa ampia 40 jua linapokuwa kali, basi kwa hapo hatuna lawama.

Hatua hii ni ya mwendo mkubwa, nayo huifikisha betri kwenye sehemu 80 hivi katika 100. Ndiyo maana huwahadaa watu. Saa chache za jua, na betri imetoka chini mpaka karibu na mdomo. Lakini bado haijashiba.

HATUA YA PILI: KUSHINDILIA

Hii ndiyo hatua tuliyoikosa, na kwayo ndipo zilipopotea fedha zenu.

Volti zinapofikia kikomo kilichowekwa, ambacho kwa betri za maji za volti 12 huwa baina ya 14.4 na 14.8 kwa agizo la mtengenezaji, kontrola huzishika volti pale pale zisipande zaidi. Sasa ampia ndizo zinazobadilika: huanza kupungua zenyewe, 40 ikawa 30, ikawa 20, ikawa 10. Hazipungui kwa ubovu. Utando wa juu ya mabamba umekwisha kuondoka, uliobaki umejificha ndani ya vitundu vya bamba, na asidi inayotoka humo yahitaji muda wa kupenya na kuchanganyika na maji. Ukiusukuma umeme kwa nguvu wakati huu hauondoi utando. Huyapasua maji yenyewe yakawa hewa ya haidrojeni na oksijeni, nawe huona mapovu mengi na maji ya betri yakipungua.

Kazi hii huchukua saa 2 mpaka 4. Alama ya kuwa imekwisha ni kwamba ampia zimeshuka mpaka kiasi cha sehemu 1 au 2 katika 100 za ujazo. Kwa seti yetu ni baina ya ampia 5 na 9. Hata ukiongeza paneli mara mbili, hatua hii haifupiki kwa kiasi kikubwa. Ni kama kuanika. Siku ya kwanza karafuu hubadilika rangi mbele ya macho yako, lakini unyevu wa ndani hautoki kwa kuwashiwa moto. Hutoka kwa kungojewa. Anayeitia gunini kwa kuangalia ngozi ya nje tu, huikuta imeota ukungu.

HATUA YA TATU: KUTUNZA

Mafundi huiita floti. Betri ikishashiba, kontrola huzishusha volti mpaka 13.2 au 13.5 hivi, nazo hubaki hapo. Betri hupoteza umeme kidogo hata ikiwa haikutumika, na hatua hii hurejesha kile kidogo bila ya kuyachemsha maji.

Faida yake huonekana zaidi msimu ukiisha. Tulikuwa na desturi ya kuzifungua betri kambini, tukaziweka ghalani mpaka msimu mwingine. Desturi hiyo tuiache. Betri ikikaa miezi bila chaji hushuka yenyewe, na katika nchi ya joto hushuka upesi zaidi, utando ukaganda. Betri na zibaki chini ya paneli mwaka mzima, hata kama hapana taa inayowaka.

HATUA YA NNE, SI YA KILA SIKU: KUSAWAZISHA

Vyumba vya betri havilingani kama watoto wa skuli wasivyolingana. Kimoja hushiba upesi, kingine huchelewa. Tena maji makali yaliyo mazito hushuka chini, na mepesi hubaki juu, ikawa bamba moja huoga maji ya namna mbili. Dawa yake ni kuipa betri iliyokwisha kushiba volti za juu, 15 na nusu hivi, kwa saa 1 mpaka 3, na kwa ampia chache. Mapovu yatokayo huyavuruga maji yakachanganyika, na vyumba vilivyochelewa hupata kuwafikia wenzao.

Hufanywa mara moja kwa mwezi hivi, au pale kipimo cha maji kinapoonyesha kuwa chumba kimeachwa nyuma ya vingine. Kina masharti. Kwanza, ni kwa betri za maji zenye vifuniko vya kufunguliwa tu. Betri zilizozibwa, zikifanyiwa hivi, huharibika. Pili, taa na vyombo vyote vifunguliwe, kwa maana volti hizo huweza kuviunguza. Tatu, awepo mtu wa kuangalia, madirisha yawe wazi, na maji yaangaliwe kabla na baada.

HABARI YA JOTO

Vipimo tulivyotaja ni vya joto la digrii 25. Banda letu lina paa la bati, na mchana hufika 35. Betri yenye joto hutaka volti kidogo zaidi chini. Kanuni yake ni kupunguza milivolti 3 mpaka 5 kwa kila chumba, kwa kila digrii 1 iliyozidi 25. Tukichukua 4: vyumba 6 mara 4 mara digrii 10 ni milivolti 240, yaani robo ya volti hivi. Basi kikomo cha 14.7 huwa 14.46. Kontrola nzuri ina waya mwembamba wa kupimia joto, nao hubandikwa ubavuni mwa betri ili hesabu hii ifanyike yenyewe. Waya wa kwetu tuliukuta ungali umefungwa katika karatasi yake, ndani ya boksi.

Tena joto hufupisha umri. Kwa makadirio ya mafundi, kila digrii 10 zinazozidi 25 kwa kudumu hupunguza maisha ya betri kwa nusu. Makuti juu ya lile bati yangetufaa kuliko lawama zote tulizompa muuzaji.

HESABU YETU WENYEWE

Sasa tuziweke hesabu zetu wazi.

Taa 20 za wati 10, zikiwaka kuanzia saa 1 ya usiku mpaka saa 8, ni saa 7, hufanya wati-saa 1,400. Ukigawa kwa volti 12, ni ampia-saa 117. Kwa kuwa betri hairejeshi chote inachopewa, tuongeze sehemu 15 katika 100, tupate 135 hivi. Simu za wachumaji na kompyuta ya stakabadhi hutumia kama ampia-saa 50 mchana. Jumla ni 185. Paneli nazo, kwa siku nzuri ambayo jua lake ni sawa na saa 5 za jua kali, hutoa 40 mara 5, yaani 200. Karatasini tulikuwa tumebakiwa na 15, na kwa hesabu hiyo tulilala usingizi.

Kosa lilikuwa hili. Hesabu ile huchukulia kuwa saa zote za jua ni sawa kwa betri, nazo si sawa. Asubuhi, wakati betri ilipokuwa tayari kupokea kila kitu, tulikuwa tukizichaji simu za kambi nzima. Kumimina kukachelewa mpaka saa 8 mchana. Ndipo kushindilia kukaanza, jua limekwisha kupinda. Juu ya hayo, kontrola yetu ilibaki kama ilivyotoka kiwandani, imepangwa kwa betri zilizozibwa: kikomo chake volti 14.1, na muda wa kushindilia saa 1 tu. Saa ile ikiisha, hushuka kwenye kutunza na kuwasha taa ya kijani. Jua la alasiri lililobaki likapotea juu ya paa, na betri zikaingia usiku na njaa. Siku za mawingu hata hapo hazikufika.

Taa ya kijani haikusema uongo. Ilisema kwamba kontrola imemaliza iliyoagizwa. Aliyeagiza vibaya ni sisi.

Fundi alipotia kipima maji jioni, baada ya jua la kutwa na taa ya kijani imewaka, kilisoma 1.210. Tazameni mahali pake katika vipimo hivi, ambavyo huchukuliwa betri ikiwa imepumzika saa kadhaa bila ya chaji wala matumizi:

Imeshiba: volti 12.7, uzito wa maji 1.265
Robo tatu: volti 12.4, uzito wa maji 1.225
Nusu: volti 12.2; uzito wa maji 1.190
Robo: volti 12.0, uzito wa maji 1.155
Tupu: volti 11.8, uzito wa maji 1.120

Ilikuwa chini ya robo tatu, nasi tukidhani imejaa. Kwa miaka 2 ile robo isiyojazwa iliganda, kisha ikavuta na jirani yake.

Tulipopata habari hii tuliipanga kontrola upya: betri za maji, kikomo 14.7, saa 3 za kushindilia, na waya wa joto mahali pake. Tukazisawazisha mara 3 kwa wiki 3. Jozi moja imepanda mpaka 1.250, nayo bado ina umri. Jozi ya pili ina chumba kimoja kilichokataa kabisa.

YATUPASAYO

1. Simu zisichajiwe asubuhi. Zingoje hatua ya pili, kuanzia saa 7 mchana hivi. Wakati huo betri imeanza kupunguza ampia inazotaka, na paneli zina ziada isiyo na mwenyewe. Jambo hili moja halina gharama, nalo lingeweza kutuokoa.

2. Betri zisishushwe chini ya nusu. Kazi ya kuchambua ikiisha, zibaki taa 4 za ulinzi tu.

3. Kila Ijumaa, kabla ya watu kwenda msikitini, msimamizi wa kambi apime uzito wa maji katika kila chumba na auandike katika daftari. Macho na mikono yakingwe. Maji makali yakimgusa mtu, yaoshwe papo hapo kwa maji mengi, na yakiingia jichoni aendelee kuosha na apelekwe hospitali.

4. Maji yaongezwe baada ya kuchaji, si kabla, kwa sababu wakati wa chaji maji hupanda na huweza kumwagika. Lakini mabamba yakionekana nje ya maji, yafunikwe kwanza, ndipo ichajiwe. Yatiwe maji yaliyosafishwa kwa kuvukizwa tu. Maji ya kisima yana chumvi. Maji makali yasiongezwe kamwe, maana kilichopungua ni maji, asidi haikwenda popote.

5. Chumba cha betri kiwe na tundu za hewa juu. Haidrojeni ikifika sehemu 4 katika 100 za hewa, cheche moja yatosha kuilipua. Basi pasiingie sigara, kandili, wala chetezo.

6. Betri mpya isifungwe pamoja na kuukuu. Kuukuu huivuta mpya mpaka zikawa za umri mmoja.

7. Betri iliyokufa isivunjwe ili kuyeyusha risasi ya chubwi za nyavu. Moshi na vumbi la risasi ni sumu, na huwadhuru zaidi watoto. Irejeshwe kwa wanaonunua betri chakavu ikiwa nzima.

Wako wanachama waliotushauri tununue betri za lithiamu. Ushauri wao una maana, kwa kuwa betri hizo hazidhuriki kwa kulala bila kushiba, wala hazihitaji kuongezwa maji. Lakini bei yake ya mwanzo ni kubwa zaidi, na mpango wake wa chaji ni mwingine: hazitaki kusawazishwa hata kidogo. Mkutano ukizichagua, kontrola sharti ipangwe upya. La sivyo tutakuwa tumehama nyumba na kosa letu mkononi.

MAONI YETU KWA MKUTANO

Wazo la ofisi ni kununua betri 4 mpya za maji kwa kambi, na jozi iliyopona ihamishiwe ofisini, iwe na paneli na kontrola yake peke yake. Ile jozi yenye chumba kilichokataa irejeshwe kwa mnunuzi wa chakavu, na fedha zitakazopatikana zitiwe katika bei ya mpya. Kwa muuzaji tuliyemlaumu tumekwisha kwenda kumtaka radhi, naye amekubali, na tunawaomba wanachama waliotusikia tukimsema nao waisahau habari ile.

MASWALI YA BARAZANI

Tumezoea kumaliza masomo yetu kwa maswali, ili mjaribiane wakati wa kahawa.

1. Katika hatua ya kwanza kinachopanda ni volti au ampia? Na katika hatua ya pili kinachoshuka ni nini?
2. Kontrola imewasha taa ya kijani, na kipima maji kinasoma 1.210. Utamwamini nani, na kwa nini?
3. Joto la banda ni digrii 30. Kwa betri ya vyumba 6, na kupunguza milivolti 4, kikomo cha volti 14.7 kitakuwa ngapi?
4. Kwa nini simu zikichajiwa saa 8 mchana hazina madhara kama zikichajiwa saa 3 asubuhi?

Mwenye jibu la swali la tatu alilete ofisini kwa maandishi. Hatuna zawadi, ila tunatafuta mtu wa pili wa kushika daftari la betri, na hiyo ndiyo njia ya kumjua.

Ndugu zetu, betri ni mali ya chama, na chama ni jasho la kila aliyepanda mkarafuu na kila aliyeuparaga. Haifi kwa kutumika. Hufa kwa kulazwa na njaa siku baada ya siku, na mwenye nyumba akidhani ameilisha. Tumejifunza kwa hasara. Tunaomba iwe ni hasara ya mara moja. Msimu ujao, inshallah, taa za kambi zitawaka mpaka karafuu ya mwisho ichambuliwe.

Wabillahi tawfiq.

Katibu wa Chama